Mvua Hainyeshi Kwetu, Mbona Korongo Linajaa?

Karibu kila kijiji cha nchi kavu kina korongo lake. Wengine huliita mto wa mchanga. Kwa miezi saba au minane ya mwaka korongo ni njia tu kama njia nyingine. Ng'ombe hupita humo, watoto hucheza mpira humo, akina mama huchimba visima vya mchanga na kuteka maji, na vijana huchimba mchanga wa kujengea. Mtu aliyezaliwa kando ya korongo hulijua kama anavyoujua ua wa nyumba yake.

Na hapo ndipo penye hatari. Mgeni akifika ukingoni akaona maji mekundu yanakwenda mbio, huogopa, hurudi nyuma. Mwenyeji husema, "Korongo hili nalijua mimi tangu utoto." Anavua viatu, anakunja suruali, anaingia. Lakini korongo analolijua ni lile la kiangazi. Lile la masika hajapata kuliona chini yake, maana hakuna mtu anayeweza kuona chini ya maji ya tope.

Leo tutaeleza maji hayo yanatoka wapi wakati kwetu jua linawaka, na kwa nini maji ya magotini yanaweza kumwua mtu mwenye nguvu zake.

Maji hutoka kwa jirani

Tazama nyumba ya bati iliyofungwa mfereji wa kukinga maji. Mvua inanyesha juu ya bati lote, lakini maji yote yanatokea mahali pamoja, kwenye mdomo wa mfereji. Ukiweka ndoo katikati ya uwanja, mvua ya nusu saa haifikishi hata robo ya ndoo. Ukiiweka chini ya mdomo wa mfereji, inajaa mara moja na kumwagika.

Korongo lako ndilo mdomo wa mfereji. Bati ni milima, mashamba na malisho yote ambayo maji yake huteremkia upande wako. Bati hilo linaweza kuanzia kilometa 30 au 50 kutoka hapo ulipo, pengine hata katika wilaya nyingine ambako hujapata kufika. Huko mvua ikinyesha, wewe huioni. Huenda ukaona wingu jeusi upande wa milimani, au umeme ukimulika kwa mbali bila kusikia radi.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja tutapata:

4,000 × 50 = lita 200,000.

Lita 200,000 ni sawa na ndoo 10,000 za lita 20. Hiyo ni ekari moja tu! Korongo la kawaida hukusanya maji ya maelfu ya ekari. Ni kweli kwamba maji mengine huzama ardhini. Lakini mwisho wa kiangazi ardhi iliyokanyagwa na mifugo na kumalizwa nyasi huwa ngumu kama sakafu, na mvua za kwanza huteleza juu yake tu. Ndiyo sababu korongo linaweza kufurika hata kwa mvua ya kwanza ya msimu, wakati watu bado wanasema mwaka huu ni wa njaa.

Sasa hesabu ya mwendo. Maji yakienda mita 2 na nusu kwa sekunde, ni sawa na kilometa 9 kwa saa, kama mtu anayekimbia polepole. Kama mvua imenyesha kilometa 27 kutoka kwako, maji yatafika baada ya saa 3. Mvua nyingi za radi hunyesha alasiri, baada ya jua kuipasha ardhi joto. Basi mvua ya saa nane mchana kule mlimani inafika kwako saa kumi na moja jioni. Ni saa ngapi hiyo? Ni saa ambayo watu wanatoka mnadani, watoto waliochelewa shuleni wanarudi nyumbani, na mama yuko ndani ya kisima cha mchanga anajaza ndoo ya mwisho.

Mfano mmoja mkubwa ni Kilosa. Mto Mkondoa unaopita Kilosa hupokea maji ya Kinyasungwe, ambayo hutoka upande wa Dodoma na Mpwapwa. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 maji hayo yaliteremka kwa wingi, yakavunja tuta la kuzuia mto, yakaingia katika makazi ya watu na kuharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Watu wengi walibaki bila nyumba. Dodoma inajulikana kwa ukame, lakini maji yake yalikwenda kufurika Morogoro.

Kwa nini maji ya magotini yanaangusha mtu mzima

Ndoo moja ya maji ina uzito wa kilo 20. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani anaujua uzito huo kuliko mimi ninayeandika. Shimo la mita moja kila upande likijaa maji, maji hayo yana uzito wa tani 1. Maji yaliyotulia hayakusukumi. Yakianza kukimbia, uzito huo wote unakuja juu ya miguu yako, na haupumziki.

Kisha liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Tuseme umesimama katika maji ya magotini, nayo yanakwenda polepole na kukusukuma kwa nguvu ya kilo 7. Hizo unaziweza. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa 7 × 4, yaani kilo 28. Kasi ikiwa mara tatu, inakuwa 7 × 9, yaani kilo 63. Hakuna anayesimama kwa mguu mmoja huku akisukumwa na kilo 63, na kila unapopiga hatua unasimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana mtu huanza vizuri pembeni, ambako maji huenda taratibu, akafika katikati akaondoka kama jani.

Pia maji yanakupunguzia uzito. Kadiri yanavyopanda mwilini ndivyo miguu inavyoshika chini kidogo zaidi. Na hapo chini penyewe ni mchanga. Maji yanauchimba mchanga chini ya nyayo zako ungali umesimama. Mbele yako lipo shimo ambalo vijana walichimba mchanga mwezi uliopita, nawe huwezi kuliona. Nyuma yako linakuja gogo.

Wataalamu wa uokoaji husema kwamba maji ya sentimita 15 tu yakienda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Chukua rula ya shule ya sentimita 30, ukate nusu yake. Maji hayo hayafiki magotini! Yanaishia chini ya katikati ya ugoko.

Katika darasa moja la kisomo mzee mmoja mfugaji aliuliza, "Mwalimu, mbona ng'ombe wangu huvuka?" Swali zuri. Ng'ombe ana miguu minne, uzito wake ni wa watu wanne, na anaogelea tangu akiwa ndama. Hata hivyo ng'ombe nao huchukuliwa, na mzee mwenyewe alikubali kwamba amepata kupoteza ndama wawili. Anayeshika mkia wa ng'ombe ili avushwe, akikutana na gogo ataachana na mkia.

Na huyu anayetoka kilabuni usiku, simsemi.

Gari nalo huelea

Watu huamini gari kwa kuwa ni zito. Haya, tupige hesabu tena. Gari dogo lina uzito wa kilo 1,000 hivi. Chini yake pana upana wa mita za mraba kama 6. Maji yakishafika kwenye sakafu ya gari, kila sentimita 10 yanayoongezeka hulinyanyua kwa nguvu ya kilo 600. Basi yakipanda sentimita 17 tu juu ya sakafu, gari limekwisha kuwa mtumbwi, tena mtumbwi usio na kasia. Kwa kawaida sentimita 30 za maji zinatosha kuyumbisha na kuelesha magari madogo, na sentimita 60 za maji yanayokimbia huchukua magari mengi, hata yale marefu ya mashambani. Pikipiki haihitaji hata hizo 30.

Basi kubwa je? Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, huko Kenya, basi lilibeba wanakwaya na ndugu zao kwenda harusini. Karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, walikuta Mto Enziu umefurika na maji yanapita juu ya kivuko. Enziu ni mto wa msimu, kama makorongo yetu. Basi liliingia. Watu walikuwa ukingoni wakitazama. Maji yalilisukuma pembeni, likaondoka kivukoni na kuzama mbele ya macho yao. Zaidi ya watu 30 walikufa. Harusi ingeweza kungoja.

Hapa kwetu, Aprili 2024, gari la shule jijini Arusha lilichukuliwa na maji ya korongo asubuhi likipeleka watoto shuleni. Wanafunzi kadhaa walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa akijaribu kuwaokoa.

Dereva wa abiria husukumwa na mambo mengi: tajiri anataka hesabu ya siku, abiria wanapiga kelele, lori la mbele limevuka. Lakini ndugu abiria, nauli uliyolipa haikulazimishi kubaki ndani ya gari linaloingia majini. Sema, "Dereva, nishushe hapa." Ukisema wewe wa kwanza, utaona wengine watano wanainuka.

Dalili za maji yanayokuja

Maji ya korongo mara nyingi huja yakitanguliwa na kichwa. Kichwa hicho ni povu, majani makavu, samadi na vijiti, na nyuma yake maji yanapanda haraka. Wakati mwingine husikika sauti kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Ukiwa ndani ya korongo ukasikia hivyo, usirudi kuchukua ndoo wala koleo. Panda ukingo ulio karibu, hata kama si upande wa kwenu.

Kama maji yapo tayari, tazama rangi. Yakibadilika ghafla yakawa ya tope, au yakaanza kuleta matawi, huko juu yameongezeka. Lakini iko dalili moja inayodanganya. Maji yakipungua ghafla huku mvua bado inanyesha milimani, usifurahi. Huenda yamezibwa na magogo na tope mahali fulani, na kizuizi hicho kikiachia yatakuja yote kwa mara moja. Huko Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, ambako njia ya maji ilizibwa na takataka, yalipasua na kuteremkia watu wakiwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Usimwite mtoto avuke

Jambo hili naliandika peke yake kwa sababu hutokea kila mwaka, na wanaolifanya ni wazazi wema.

Mtoto anatoka shuleni, anakuta korongo limejaa. Anasimama. Mtoto ana akili, ameogopa. Ng'ambo ya pili yuko baba au mama, giza linaingia, naye anamwita, "Njoo, pitia hapo kwenye mawe, mimi nakuona!" Mtoto hawezi kumkatalia mzazi. Anaingia.

Ewe mzazi, ukimwona mtoto wako ng'ambo, mwinulie mkono wa kumzuia. Mwambie arudi shuleni. Na jambo hili lipangwe kabla ya masika, lisingoje siku ya maji. Kila mzazi wa ng'ambo atafute nyumba moja upande wa shule, ya ndugu au ya rafiki, ambako mtoto atalala korongo likijaa. Mwalimu mkuu awe na orodha ya watoto hao na nyumba zao katika daftari. Gharama yake ni sahani moja ya ugali, nayo utairudisha siku mtoto wa mwenzako akikwama kwako.

Mkubwa naye akae asubiri. Korongo linalojaa ghafla mara nyingi hupungua ndani ya saa chache, kwa sababu mvua iliyolijaza nayo ilikuwa ya muda mfupi. Wengi waliokufa wangevuka salama kesho yake asubuhi.

Mtu akishachukuliwa

Kwanza, usimrukie. Anayeruka huwa maiti ya pili. Kimbia ukingoni ukielekea chini maji yanakokwenda, umpite, halafu umtupie kamba, au mti mrefu, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu la lita 20 linamwelesha mtu mzima akilikumbatia. Ikiwa kuna mtandao wa simu, mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wako wanaofunga kamba kiunoni ili wavuke. Usifanye hivyo. Ukianguka, kamba inakushikilia mahali pamoja, maji yanapita juu yako, nawe unabanwa chini bila njia ya kujifungua. Kamba ishikwe mkononi, ambapo unaweza kuiachia.

Ukichukuliwa wewe, usipambane kurudi ulikotoka. Lala chali, miguu itangulie mbele juujuu ili ipige mawe badala ya kichwa. Usijaribu kusimama mahali penye kina, maana mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza. Piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingo. Ukiona gogo limekingama mbele yako, geuka, lirukie kwa kifua na upande juu yake. Ukipita chini yake matawi yatakunasa.

Kazi ya kijiji

Mambo mengine hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Kijiji kinaweza kusimamisha nguzo kwenye kila kivuko, ikapakwa rangi nyeupe na kuwekwa mstari mwekundu sentimita 15 kutoka usawa wa njia. Maji yakigusa nyekundu, hakuna kuvuka, awe mwenyekiti au mtoto. Nguzo huondoa ubishi, maana haina ujuaji.

Huko Oman, nchi yenye watu wengi wanaosema Kiswahili, korongo huitwa wadi, na Aprili 2024 wadi ziliua watoto wa shule huko pia. Sheria ya barabarani ya Oman humwadhibu dereva anayevuka wadi kwa makusudi na kuhatarisha maisha. Mkutano mkuu wa kijiji nao unaweza kuanzisha sheria ndogo, ikapelekwa halmashauri kuthibitishwa.

Halafu iko simu. Maji yanachukua saa 3 kutoka kijiji cha juu kufika kwako. Simu inachukua dakika moja. Wenyeviti wa vitongoji vilivyo kando ya korongo moja wapeane namba. Wa juu akiona maji yamejaa kwake, ampigie wa chini yake, naye ampigie wa chini zaidi. Anayepokea apige filimbi au kengele ya shule, watu watoke korongoni. Salio la vocha ya kazi hii litoke katika mfuko wa kijiji, tusimwachie mtu mmoja.

Redio nayo tuisikilize kwa akili. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Inaposema mvua kubwa, maana yake ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, ile ile ya hesabu yetu. Lakini watu wengi husikiliza mkoa wao tu. Usipotajwa, wanazima redio. Wewe sikiliza pia mkoa ambako maji yako yanatoka.

Maji yakishapungua

Usiharakishe. Visima vya mchanga vimeingiwa na vinyesi vya watu na mifugo wa vijiji vyote vya juu, na kipindupindu hufuata hapo. Chemsha maji mpaka yatokote, au tumia dawa ya klorini kama mhudumu wa afya anavyoelekeza. Nyoka waliosombwa hujificha katika takataka zilizokwama, kwa hiyo usiziondoe kwa mikono mitupu.

Na kabla ya kupitisha mkokoteni wa ng'ombe, mtu mmoja atangulie na fimbo ndefu akichoma mchanga kila hatua. Mchanga uliorudishwa na maji unaonekana sawasawa juu, lakini mashimo ya zamani yamejaa tope laini. Fimbo ikizama bila kusukumwa, weka tawi bichi hapo kama alama, na utafute pa kuvukia mahali pengine.